Kuchelewa kwa Kasonia

Mama Tamar alikuwa na kazi ambayo hata mume wake hakuweza kuwaeleza majirani. Onésime mwenyewe alikuwa seremala, na mtu akimuuliza anafanya nini alionyesha meza. Lakini akiulizwa mke wake anafanya nini, alikuna kichwa akasema, "Anatembeaka na batu." Na kweli, alitembea nao. Kanisa lao la Kiprotestanti pale Butembo lilikuwa limempa mwavuli, daftari na ruhusa ya kugonga milango ya matajiri, ili awatafutie kazi ya mshahara watu wazima ambao akili zao huchukua mambo taratibu. Akiipata kazi, alikaa na mtu wake hapo hapo kazini, siku baada ya siku, akimwonyesha, akinyamaza, akimwonyesha tena, mpaka mtu huyo aweze bila yeye. Kisha alikwenda kumtafutia mwingine.

Usidhani watu wa Butembo walikuwa wachoyo wa kazi. Mji ule unapenda kazi kuliko usingizi. Ubaya ni kwamba watu wa Mama Tamar walikuwa tayari na kazi, tena nyingi mno. Mmoja alichotea maji nyumba tano, akapasua kuni za nyumba ya sita, na jioni akapewa sahani ya maharagi na kupigwapigwa begani. Hiyo Tamar aliiita kazi ya sahani, na ilimchemsha damu. Siku moja mfanyabiashara fulani alimwambia kwamba zoba, yaani mpumbavu, hana haja ya feza, kwa kuwa hajui kuihesabu.

"Na weye unajua kuhesabu nywele yako?" Tamar alimjibu. "Mais hakuna mutu anakuja kukunyanganya yo."

Huyo hakumpa kazi, na Tamar hakujuta. Alikuwa mwanamke mpole, ila upole wake ulikuwa na mipaka, na mipaka yenyewe ilikuwa karibu.

Kasonia alimgundua kwenye matayarisho ya harusi, mwaka 2001, vita ikiwa imetuzoea na sisi tumeizoea. Wanawake walikuwa wamekaa wakichambua maharagi huku wakipiga soga, na katikati yao alikaa mwanamume wa miaka thelathini na minne, amenyamaza, vidole vyake vinatembea. Alipomaliza beseni lake Tamar alitia mkono ndani mpaka chini. Hakukuta jiwe hata moja. Akatia mkono kwenye beseni la jirani yake, na hapo nitanyamaza, maana mwenye beseni bado yuko hai na ana mdomo.

Kasonia aliishi na shangazi yake, mama mzee Vagheni, aliyemtoa kijijini Masereka akiwa mtoto baada ya mama yake kufariki. Vagheni hakufaulu kumfundisha kusoma. Alimfundisha adabu, na hiyo aliifundisha vizuri. Siku zote alimwambia kwamba mutu hapaswi kumupita mutu mwenzake kama mbuzi, na Kasonia, ambaye mambo mengi yalimtoka kichwani kabla ya jioni, hili halikumtoka kamwe.

Tamar alimpeleka kwa Malachie, mwenye depo ya kahawa. Malachie alikuwa mrefu, mkavu, mtu wa saa. Kahawa ilimfikia kutoka vilima vya Lubero na kutoka upande wa Beni pale barabara ilipokubali, na siku hizo barabara ilikubali mara chache. Kila lori lilipofika, magunia yalipaswa kuchambuliwa upesi kabla jambo jingine halijatokea. Wanawake kumi na wanane walikaa chini kwa mistari, kila mmoja na ungo wake, wakitoa punje nyeusi, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Malachie aliangalia ungo wa kwanza wa Kasonia, akauinamia, akaugeuza kwenye mwanga, akaguna.

"Anajua kazi," alisema. "Donc, mwezi moja ya kujaribu. Nitamulipa sawa bengine. Mwisho ya mwezi, kama ni sawa, naandika jina yake kwa liste, anakuwa mutu ya hapa. Mais mlango inafunguka saa moja. Saa moja, Mama Tamar. Hapana saa moja na kitu."

Tamar alikubali kwa furaha. Mtu aliyekaa kwenye ile liste hakuwa tena wa sahani. Akiugua, nafasi yake ilimngoja. Akija kuoa, watu wangesema anafanya kazi kwa Malachie. Kasonia angekuwa mwanamume wa kwanza wa aina yake kuandikwa mahali popote mjini, na baada yake Tamar alikuwa na wengine wanne wanangoja, Bénite akiwa wa kwanza. Akianguka huyu, ni tajiri gani angempokea yule?

Siku ya kwanza Kasonia alifika saa tatu.

Siku ya pili alifika saa tatu kasorobo, jasho linamtoka, anatabasamu. Akikaa kwenye ungo hakuinua kichwa mpaka mchana, na magunia yake yalikuwa safi kuliko yote. Lakini Malachie alikuwa amesimama mlangoni akigonga kioo cha saa yake kwa ukucha. Tamar hakuelewa. Njia ya kutoka kwa Vagheni mpaka depo ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye afya, na Kasonia alikuwa na miguu ya kubeba dunia. Basi siku ya tatu akaenda kumchukua nyumbani, ajionee.

Walitoka jua likiwa limechomoza tu. Miaka ile hakuna aliyetia mguu barabarani kabla watu hawajaweza kumwona uso, kwa sababu askari waliokesha macho usiku kucha hawakuuliza mara mbili kabla ya kupiga risasi. Kwenye kibaraza cha kwanza alisimama mama mmoja na mtoto mgongoni.

"Wavukire," Kasonia alimwamkia kwa Kinande, akasogea, akampa mkono. "Bwana yako eko? Na Kitsa? Kikohozi ya Kitsa iliisha? Na ile mbuzi, ilizala?"

Sasa, wewe na mimi tukiuliza habari, tunakuwa tumeshapita. Kasonia aliuliza, kisha akangoja jibu. Kikohozi kilikuwa kimepungua lakini usiku bado. Mbuzi alikuwa hajazaa. Kasonia alisikitika kuhusu kikohozi, akafikiri kidogo kuhusu mbuzi, akaaga kwa mkono, akatembea hatua ishirini, akasimama kwenye kibaraza cha pili. Pale palikuwa na mzee Kambere, ambaye wanawe wawili walikuwa wamechukuliwa na vita, na ambaye tangu hapo hakuna aliyemuuliza kitu kirefu, kwa kuogopa jibu. Kasonia alimuuliza. Mzee alijibu kwa robo saa nzima. Tamar alisimama na mwavuli wake akiangalia jua likipanda, akahesabu vibaraza vilivyobaki, akaona saa tatu inavyotengenezwa.

Alijaribu kwa maneno. "Kasonia, leo tuende mbio, eh? Patron anatungoja."

"Ndiyo, mama," Kasonia alisema kwa moyo wote, akasimama kwenye kibaraza kilichofuata.

Juma la kwanza likapita hivyo, na la pili likaanza hivyo. Malachie alisema hana ubaya na kijana huyu, ila akimwachia mmoja achelewe saa mbili, kesho wanawake kumi na wanane watataka saa mbili zao. Na alikuwa na haki, hilo ndilo lililomuuma Tamar. Basi akapata wazo. Ningependa kusema lilikuwa wazo la mtu mwingine, lakini lilikuwa lake, na alijivunia kwa siku nzima.

Alasiri moja alipita nyumba kwa nyumba kwenye njia ile yote. Aliwaomba watu, kwa sauti ya chini na kwa heshima, kwamba kesho asubuhi Kasonia akipita wajifanye hawakumwona. Wasiitikie. Ni kwa ajili ya kazi yake. Jioni wanaweza kumsalimu wanavyotaka. Watu walitazamana. Kwa Wanande kumnyima mtu salamu si jambo dogo, na wengine walikataa kwanza. Lakini Tamar alikuwa na ulimi, na kila mtu alitaka Kasonia apate mshahara. Wakakubali. Mzee Kambere peke yake hakusema ndiyo wala hapana. Aliingia ndani akafunga mlango.

Kesho yake Kasonia alifika depo dakika kumi kabla ya saa moja. Malachie aliangalia saa, akamwangalia Tamar, akatikisa kichwa kwa sifa. Tamar alijisikia mrefu. Furaha hiyo ilidumu mpaka alipochungulia ungo. Punje nyeusi zilikuwa zimelala pamoja na nzuri, na Kasonia alikuwa anazisogeza huku na huku bila kuziona. Mchana hakula. Marie-Jeanne, mkubwa wa wachambuzi, mwanamke mwenye kelele na moyo mzuri, alimsukumia kipande cha muhogo. Alikishika mkononi mpaka kazi ikaisha.

Siku iliyofuata hakuja kabisa.

Tamar alimkuta nyuma ya nyumba, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, ameelekeza uso ukutani.

"Batu bote balikasirika," alisema. "Nilifanya nini, mama? Niliuliza kwa kila mlango nilifanya nini. Hapana kujibu."

Tamar alikuwa amewahi kutukanwa na matajiri, na askari alishamnyang'anya mwavuli mmoja, na hakuna hata siku moja kati ya hizo aliyojisikia mdogo kama hapo. Akakaa chini kwenye udongo.

"Hawakukasirika," alimwambia. "Ni miye niliwaomba banyamaze. Nilitaka ufike mbio. Nilikosa, Kasonia. Nilikosa mubaya."

Vagheni alikuwa amesikia kutoka mlangoni. Alikuja na fimbo yake, polepole, akasimama juu ya Tamar.

"Miaka makumi tatu nilimufundisha huyu mutoto kuwa mutu," alisema. "Weye siku moja unataka kumufanya saa?"

Tamar alistahili hayo. Kasonia alizigeuza habari hizo kichwani.

"Donc hawanichukie?"

"Hapana. Hata mumoja."

"Weye njo ulikosa."

"Ndiyo. Miye."

"Sawa," Kasonia alisema, akasimama, akaenda mwenyewe barabarani kusalimu nyumba zote tangu ya kwanza, ili kuhakikisha. Siku ile kazi ilikufa. Tamar alimfuata akiomba msamaha mlango kwa mlango, na kwa mzee Kambere aliingia ndani akakaa.

Nusu ya dawa aliipata Kasonia mwenyewe, na aliipata kanisani. Pale kwao ibada ikiisha watu hutoka kwa mstari. Wa kwanza anasimama nje, wa pili anampa mkono na kusimama karibu naye, na hivyo hivyo mpaka kila mtu ameshika mkono wa kila mtu. Haulizwi mtu habari za mbuzi. Ni mkono, "amani", na kusonga. Jumapili ile Kasonia alipita kwenye mstari kama kawaida, na Jumatatu alipofika kwenye chemchemi ya njiani, ambapo wanawake husimama na bidoni zao kungoja maji, aliona mstari. Akaanza mwanzoni: mkono, amani, mkono, amani. Wanawake waliangua kicheko, kisha wakaelewa. Kuanzia hapo wengi wa vibarazani wakaanza kushuka chemchemi saa hiyo, hata wasiokuwa na bidoni.

Akaanza kufika saa moja na nusu, siku nyingine saa moja na dakika ishirini. Haikushuka zaidi. Mzee Kambere hakuwa na miguu ya kushuka chemchemi, na Kasonia hakukubali kumwacha. Tamar hakumwomba tena amwache; kazi yake ikabaki kukaa kando ya ungo na kumwomba Mungu.

"Naona anajikaza," Malachie alisema juma la mwisho. "Mais saa moja ni saa moja, mama. Samedi nitasema."

Tamar aliposikia sauti ile alijua Jumamosi hiyo atasema nini.

Ijumaa mchana risasi zililia upande wa kilima. Hazikuwa nyingi, lakini zilikuwa karibu. Kabla ya jioni watu wa Butembo walikuwa wamefunga mizigo na kushika njia za vijijini, kama walivyokuwa wamekwisha kufanya mara tatu mwaka ule; wakalale mashambani siku mbili, waone. Onésime alikataa kuondoka. Alisema mbao zake hazina miguu. Basi walilala chini ya meza zake wote wawili, Onésime akakoroma.

Jumamosi kulikucha kimya. Jua lilipopanda Tamar alikumbuka siku, akavaa viatu. Onésime alimuuliza ana akili gani. Alimjibu kwamba zile zile za siku zote, akatoka. Kwa Vagheni alimkuta mama mzee amekaa mlangoni na fimbo magotini, kwa sababu hakuweza kutembea mpaka shambani.

"Kasonia eko wapi?"

"Alienda kazi. Leo ni kazi."

Tamar alikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, kiatu kimoja kinampwaya. Milango karibu yote ilikuwa imefungwa kwa mti. Kwa mzee Kambere jirani walikuwa wamembeba juu ya kigari cha miti. Mlango ulikuwa wazi na ndani hamna mtu. Kwenye chemchemi maji yalimwagika tu. Kama wamemdhuru, alijiambia, ni mimi niliyemfundisha kwamba kazi ni lazima.

Alimwona kutoka pembeni ya ukuta. Kasonia alikuwa amekaa kwenye ngazi ya depo, mzima, mikono magotini. Tamar aliegemea ukuta, na kabla hajaita, Malachie akatokea upande wa pili na funguo mkononi. Alikuja kuangalia kama depo imevunjwa. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hakulala.

"Weye?" alisema. "Tangu saa ngapi?"

"Mbele ya saa moja," Kasonia alisema. "Leo niliwahi, patron. Njiani hakuna mutu." Akatazama barabara. "Niligonga kwa milango yote. Hakuna mutu."

Kisha akasimama, akafuta kiganja kwenye suruali, akanyoosha mkono. Kwa majuma yote yale Malachie alikuwa akisimama mlangoni akiangalia saa, na Kasonia akipenya haraka kwa kuwa amechelewa. Sasa hakukuwa na haraka.

"Wavukire, patron."

Malachie aliutazama ule mkono, akaushika.

"Eh."

"Mama Nadège eko?" Kasonia aliuliza habari za mke wa tajiri.

"Niliwatuma Kayna," Malachie alisema. "Jana, na camion ya mwisho. Yeye na batoto."

Kasonia alingoja.

"Sijue kama balifika," Malachie alisema.

"Batoto bote batatu?"

"Bote batatu."

"Na ule mudogo? Miguu yake bado inamuuma?"

"Nani alikuambia juu ya miguu?"

"Uliambia Marie-Jeanne, siku ya mvua. Nilikuwa pale."

Malachie alikaa kwenye ngazi, mtu yule mrefu, magoti yake yakamfikia kidevuni. Kasonia akakaa karibu naye na kungoja, kwa sababu swali lilikuwa bado halijajibiwa. Kisha Malachie akaanza: kwamba miguu inamuuma usiku, kwamba mama yake humkanda kwa mafuta ya mawese, kwamba jana kwenye lori mtoto alilia na yeye akamgombeza ili asionekane analia mwenyewe. Alisema hayo yote akiangalia chini, na machozi yakimtiririka, naye hakuyafuta. Mji mzima ulimjua Malachie, na tangu jana hakuna aliyekuwa amemuuliza. Tamar naye alilia pale ukutani, kwa sababu alikuwa amezipima salamu zile kwa saa kwa majuma manne, sawasawa na tajiri mwenyewe.

Walimaliza na watoto, wakamaliza na mama mkwe, wakafika kwenye mbwa. Jua lilikuwa juu. Malachie alipomwona Tamar hakuona haya. Alijipapasa mfukoni akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, pamoja na kalamu.

"Mama Tamar, jina yake yote ni nani?"

"Muulize mwenyewe."

Akageuka, akamuuliza.

"Kambere Kasonia," alisema Kasonia, na kwa kuwa akina Kambere ni wengi mjini, akaongeza: "Wa shangazi Vagheni."

Malachie aliandika juu ya goti lake, yote, pamoja na shangazi.

Saa nne ilikuwa karibu pale wanawake walipoanza kutokea barabarani, Marie-Jeanne mbele, saba tu kati ya kumi na wanane, wale waliolala karibu na ambao njaa iliwarudisha upesi. Waliona mlango umefungwa na tajiri amekaa chini, wakasimama wakidhani kuna msiba.

"Patron, tulichelewa?" Marie-Jeanne aliuliza.

"Hapana," Malachie alisema. "Miye njo nilichelewa."

Alisimama, akatafuta ufunguo wa kufuli kati ya funguo zake, akaupata. Kasonia alikuwa ameshashuka ngazi. Alimpa Marie-Jeanne mkono, akamuuliza alilala wapi, na mama yake, na mtoto, na kama kulikuwa na baridi, akangoja. Kisha akaenda kwa wa pili. Malachie alibaki mbele ya kufuli na ufunguo mkononi, hakuangalia saa, akasubiri mpaka Kasonia alipomaliza na yule wa saba, ndipo akafungua.